Kilio Tulichokisikia Kutoka Bondeni

Waliokuwepo siku ile, mwanangu, ninawakumbuka wote. Nilikuwepo mimi, kijana ambaye hajaota ndevu bado. Alikuwepo Monsieur Barthélemy, mfanyabiashara wa Ariwara, na mke wake Mama Rosalie, wageni niliowaongoza. Alikuwepo Muzee Ngabu, aliyekuwa amemzika binti yake asubuhi hiyohiyo, pamoja na majirani waliokaa naye kuzunguka moto wa kilio. Na farasi wetu watatu, maana nao walikuwa na sehemu yao.

Unajua kwamba wazazi wetu walifariki mapema, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Niliacha shule, nikapata kazi kwenye shamba la ng'ombe nje ya Bunia, upande wa Djugu, ambako patron, mwenye shamba, alifuga farasi. Mwanzoni nilisafisha mazizi. Baadaye alinituma kuwapeleka wageni juu ya farasi, kwa njia za vilimani, hadi ukingoni pale Ziwa Albert linapoonekana lote chini. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wadogo zangu, na baba yako ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Patron alikuwa ameniambia wazi: mgeni akirudi na malalamiko, kesho nisije.

Siku ile tulipanda vilima vizuri. Majani yalikuwa bado yamelowa, na Mama Rosalie alicheka kila tandiko lilipomrusha. "Hii farasi iko na mifupa kunishinda mimi!" alisema. Bwana wake hakucheka. Aliangalia mawingu nyuma yetu na kuniuliza tena na tena kama ziwa tutaliona ama tutaona ukungu tu.

Njia ile inapita katikati ya ua wa Muzee Ngabu. Tukiwa bado bondeni nilisikia nyimbo za kilio zikiletwa na upepo. Kwetu hata mwenye baiskeli hushuka na kuisukuma anapopita penye kilio, kisha hukaa kidogo na wafiwa kabla ya kuendelea. Nilijua hayo yote, na nilinyamaza. Niliogopa kumuudhi mgeni. Nilijiambia, tutaona tukifika.

Tulipotokea uani, watu waligeuka. Niliruka chini.

"Monsieur, tushuke. Hapa kuko kilio," nilisema, na kila mtu alisikia.

Mama Rosalie alishuka mara moja, akakaza kitenge chake. Bwana alibaki juu.

"Weye mutoto ndiye utanipangia? Ule mufu simujue. Twende, mvua iko nakuja."

Alimpiga farasi kwa kisigino, akaingia hadi karibu na moto. Nyimbo zilikatika. Muzee Ngabu alisimama, nami nilidhani atachukua fimbo. Alishika hatamu, akamtazama farasi mdomoni, akaita, "Leteni maji. Hii farasi iko na kiu."

Beseni lililetwa. Na farasi, mwanangu, hanywi kwa haraka. Alikunywa, akainua kichwa, akapumua, akadondosha mate, akarudi kunywa. Muda wote huo Monsieur Barthélemy alikaa kule juu ya vichwa vya wafiwa, hana pa kuweka macho. Bibi mmoja alinong'ona, "Huyu anangoja tumupandishie chai kule juu?" Wengine waliziba midomo, kwa sababu kwenye kilio hapachekwi. Mwishowe alishuka, akampa Muzee mkono, nasi tukakaa. Mvua ilinyesha. Ziwa hatukuliona.

Wakati wa kuondoka, Muzee aliniita pembeni. Nilitegemea sifa, maana mimi nilishuka.

"Kilio ulikisikia toka kule chini?"

"Ndiyo, Muzee."

"Sasa mbona haukumuambia kule, mukiwa peke yenu? Angeshuka bila shida. Mutu mukubwa ukimukatazia mbele ya watu, atakaza shingo tu. Mimi nilitaka farasi anywe, na mugeni amepata haya kwangu, siku nimezika mutoto. Ile haya ni weye uliileta."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jioni mgeni alimwambia patron maneno yake, na kesho yake sikuwa na kazi. Nililala nikiwaza wadogo zangu watakula nini. Sijui nani alimpelekea Muzee Ngabu habari, lakini kabla wiki haijaisha alinionyesha kipande cha shamba lake kando ya kijito, akanipa mbegu za maharagwe na marando ya viazi vitamu. "Lima mpaka wadogo zako wakomae," alisema. Sehemu ya mavuno alikataa. Udongo ule ulitulisha mpaka baba yako alipomaliza shule.

Sasa weye unataka kuwaongoza wageni juu ya farasi kwenye vilima vyetu. Ninafurahi. Kabla mgeni hajapanda tandiko, mwambie mtakakopita: ua wa nani, mashamba ya nani, wapi mtashuka na kwa nini. Na jambo jipya likitokea njiani, liseme mkiwa peke yenu, mapema. Usiuite uoga wako heshima. Fanya hivyo hata nyumbani, kwa mke wako na kwa watoto wako.

Mungu ailinde miguu yako na ya farasi wako, akupe ulimi unaosema kwa wakati, na wenye kila ua utakaoingia wakupokee.

Mimi nimebaki na jambo moja. Muzee Ngabu alifariki zamani, na vita viliwatawanya wajukuu wake. Kila ninapokutana na watu waliokimbia kutoka Djugu ninawaulizia, na mpaka leo sijaambiwa wako wapi. Wema wa shamba lile sijamrudishia mtu yeyote wa damu yake. Bado ninadaiwa.