Safu Nne za Magari

Karatasi yangu ilikuwa na safu nne: pikipiki, magari madogo, mabasi, malori. Kila gari lilipopita nilichora kijiti, na cha tano nikakilaza juu ya wenzake. Mhandisi aliyenipa kazi alikuwa anatengeneza ramani ya barabara za nchi nzima: penye magari mengi mstari mnene, penye machache mwembamba. Alinikalisha Kamembe, kwenye mteremko wa kwenda mpakani, akanionya kwamba watembea kwa miguu si kazi yetu. Nikiwaangalia hao, magari yatanipita. Nikawa mtiifu kupita kiasi. Baada ya wiki moja sikuwaona tena, ingawa waliijaza barabara na mizigo yao kichwani.

Mume wangu alikuwa dereva, akipeleka saruji Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa lori. Jumatatu alipita mbele yangu, akapiga honi, nikamchorea kijiti chake kama wengine. Kesho yake mizinga ikaanza kulia ng'ambo.

Niliogopa, sioni haja ya kuficha. Safu ya malori ilibaki tupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikataa hata chai. Nikisikia injini nainuka, kumbe ni gari la askari, au basi dogo lililopakia magodoro. Mama muuza maandazi aliyekaa karibu nami alinihurumia.

"Maman, kula hata moja. Ukianguka, nani atahesabu?"

Sikula. Lori letu nililijua kwa mngurumo wake na kwa taa moja ya mbele iliyovunjika, na hayo ndiyo niliyoyatafuta kutwa nzima.

Siku ya nne, asubuhi, mtu mwenye vumbi alisimama mbele yangu, viatu mkononi. Nyuma yake gari lilikuwa linapanda, na sikuweza kuona ni la aina gani.

"Papa, toka hapo," nikamwambia, bila kumtazama usoni. "Unanifungia barabara."

Hakutoka.

"Ni miye, mama batoto," alisema. "Kamiyo balininyanganya."

Alikuwa mume wangu, na lori letu walikuwa wamemnyang'anya. Nililia pale pale mbele ya watu, na gari lile likapita bila kijiti. Kinachoniuma hadi leo ni alichonieleza tulipofika nyumbani: alinipungia mkono tangu chini ya mteremko, nami nikamtazama machoni, kisha nikaendelea kutafuta lori.