Siku Niliyomsifia Mwalimu Loserian

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa fundi seremala mmoja wa Mbauda, hapa Arusha mjini, kuulizia shelfu za duka langu. Alikuwa anapiga randa mbao za msonobari, bado mbichi, na maranda yamejaa mpaka kizingitini. Niliposogea mlangoni ile harufu ikanipanda puani, tamu na kali kidogo, nikasimama pale pale. Fundi aliniuliza mara mbili, "Dada, unataka za urefu gani?" na mimi nikawa namtazama tu. Nilikuwa nimerudi darasa la saba, dawati la mbele, upande wa dirisha.

Shule yetu ilikuwa juu ya Ngaramtoni, ukielekea msitu wa Olmotonyi. Mwaka ule tulipata madawati mapya ya msonobari, na mbao zake hazikuwa zimekauka vizuri. Utomvu ulitoka kwenye mafundo ya mbao, ukagandia kwenye sketi zetu za bluu, na mama zetu wakawa wanatugombeza kila Jumamosi ya kufua. Mpaka leo nikisikia harufu ile namwona Mwalimu Loserian amesimama mbele yetu, mikono nyuma, kichwa kimeinuka kidogo kuelekea dirishani.

Nawaambia mapema ili msije mkategemea hadithi ya kufurahisha. Mwalimu Loserian alikuwa anapofuka, sisi hatukujua, na alikuwa anaficha kwa sababu alitaka kitu kimoja tu, kutufikisha kwenye mtihani wa mwisho. Hakutufikisha. Aliyemtoa darasani ni mimi, na nilimtoa kwa kumsifia.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba yangu ni Mchaga wa Machame, alihamia Ngaramtoni kufungua duka nilipokuwa darasa la tano, na pale shuleni karibu wote walikuwa Waarusha. Siku ya kwanza nilimsalimia mwalimu kama nilivyofundishwa nyumbani, shikamoo ya sauti kubwa na mkono mbele. Darasa zima likacheka. Jirani yangu wa dawati, Lemayani, akaninong'oneza kwamba mtoto hampi mkubwa mkono. Unainamisha kichwa, mkubwa anakuwekea kiganja utosini, basi umesalimiwa.

Niliipenda salamu ile mno. Kila asubuhi Mwalimu Loserian alisimama mlangoni na sisi tukapita mbele yake mmoja mmoja, vichwa vimenyolewa vyote, tukasema shikamoo na kuinama. Anakugusa, anataja jina lako. "Marahaba Lemayani. Marahaba Naishoki, umepona mafua?" Mimi alinitania kila mara. "Marahaba Aika. Kichwa cha Kichaga hiki, kina kona kama sanduku." Nilikaa siku nzima nikijisikia mtu muhimu kwa sababu ya zile kona. Walimu wengine waliita majina kwenye daftari la mahudhurio. Yeye alikuwa ameshamaliza pale mlangoni, na hakukosea hata mmoja. Tukaona ni mwalimu anayeheshimu mila, kumbe ile mila ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha nani ameingia.

Alitufundisha sayansi na Kiswahili bila kufungua kitabu. Alikuwa akisema, "Fungueni ukurasa wa arobaini na moja, aya ya pili kutoka chini," kisha anaitaja aya neno kwa neno huku sisi tukifuatisha kwa vidole. Ukiruka mstari unaposoma, anakurudisha. Ubaoni hakuandika. Alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda kwenye kijistuli na chaki, na yeye akanitajia cha kuandika. Moyo niliuchora hivyo hivyo, chumba kwa chumba, yeye akiwa amegeukia dirishani. Madaftari tulibadilishana, tukasahihishana kwa sauti, na yeye akasikiliza. Ukimpa mwenzako vema asiyostahili, anajua.

Kulikuwa na mambo ambayo mtu mzima angeyaona. Siku moja alimkaripia Lemayani kwa dakika nzima, aache kuchezea dawati, naye Lemayani alikuwa ametumwa kuchota maji. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mwalimu akacheka na sisi, akasema alikuwa anatupima kama tuko makini. Tukamwamini. Alikuwa anatembea akihesabu hatua kutoka mlangoni hadi mezani, midomo ikicheza kidogo, nasi tukadhani anasali. Yeye alikuwa Mlutheri wa kweli, mzee wa kanisa, kwa hiyo haikutushangaza.

Mimi nilimpenda waziwazi. Nyumbani nilikuwa sina wimbo mwingine. Mwalimu Loserian kasema hivi, Mwalimu Loserian hafungui kitabu, Mwalimu Loserian ana kichwa ambacho hata mkuu wa wilaya hana. Mama aliniambia nipumzishe mdomo, kwamba mdomo wangu unaamka kabla yangu. Nilikuwa na kiherehere, sikatai. Niliamini mtu ukimpenda lazima watu wajue.

Ikaja wiki ya ukaguzi, miezi mitatu kabla ya mtihani. Tulideki madarasa, tukapaka mawe ya njiani chokaa, mwalimu mkuu akatuamuru tuje na viatu. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Aliingia kwetu kipindi cha tatu, akaketi nyuma, akafungua daftari lake. Mwalimu Loserian alifundisha mzunguko wa damu. Sijawahi kusikia somo zuri namna ile, hata sekondari. Mimi niko ubaoni na chaki, jasho linanitoka, nachora mishipa, na yeye anaeleza utadhani alishawahi kutembea ndani yake.

Mama yule aliridhika, ungeona usoni mwake. Akasimama, akatusifu kwa utulivu wetu, kisha akauliza, "Hebu niambieni, mnapenda nini kwa mwalimu wenu?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Mwalimu wetu hafungui kitabu kabisa, madamu," nilisema. "Vyote viko kichwani. Hata ubaoni haandiki, mimi ndiye ninayemwandikia. Na madaftari hasahihishi kwa kuangalia, tunamsomea tu na anajua. Na asubuhi anatujua wote kwa kutushika kichwa, bila hata kututazama."

Nilirudi kwenye dawati langu, nikakaa nimefura kwa furaha. Nikamtazama mwalimu nione kama amependa. Alikuwa amesimama vile vile, mikono nyuma, lakini mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Mkaguzi hakuandika kitu. Alivaa miwani, akaja mbele polepole, akachukua daftari lililokuwa juu ya dawati langu, akalifungua na kumwekea mwalimu mkononi.

"Mwalimu, nisomee hapa kidogo."

"Daftari la nani hili?" aliuliza Mwalimu Loserian.

"La Aika," mama yule akajibu.

Akalishika kwa mikono miwili, akaliinua usawa wa uso. Akaanza kusoma. Alisoma maelezo niliyoandika Jumanne iliyopita, kazi za chembe nyeupe na chembe nyekundu, kila mstari kama ulivyokuwa, na sauti yake haikutetemeka. Alikuwa anakumbuka alivyotutajia tuandike. Ila daftari lile lilikuwa la hisabati, neno lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada lililotutazama. Ukurasa aliokuwa ameushika ulikuwa na sehemu na desimali, na kosa moja lililozungushiwa kalamu nyekundu.

Wote tuliona. Dawati la mbele, la nyuma, wote. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliendelea kusoma, na mkaguzi akamwacha afike mwisho wa aya, kisha akalichukua daftari taratibu mikononi mwake na kusema, "Asante, mwalimu. Inatosha." Kutokana na jinsi alivyosema, nadhani mwalimu alielewa. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Lilikuwa la hisabati?" Mama yule akasema ndiyo. Alikuwa na machozi, na kwa hilo sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Ilikuwa presha ya macho, tuliambiwa baadaye. Alianza kupoteza mwanga tukiwa darasa la tano, kuanzia pembeni, ukamalizikia katikati. Daktari alisema angewahi hospitali miaka miwili nyuma wangeweza kumwokolea kiasi. Lakini angewahi, wangemwandikia likizo ya ugonjwa, na hakutaka kutuacha. Ijumaa ile alipewa barua ya kumwondoa kazini. Alikuja darasani kutuaga, akasema maneno machache, kwamba mtihani uko karibu na tusiache kusoma kwa sauti. Kisha akasema, "Aika, endelea kuandika ubaoni." Nikajibu ndiyo mwalimu. Akashuka njia ya migomba peke yake, akihesabu.

Lemayani hakusema na mimi kwa mwezi mzima. Alihamia dawati la nyuma na kuniachia letu lote. Mwalimu mpya alikuja, kijana, anaandika mwenyewe ubaoni na kuita majina kwenye daftari. Sikuwahi kwenda kumwona Mwalimu Loserian. Nyumba yake ilikuwa njiani kwetu, na mimi nikawa napita njia ndefu ya mikaratusi, kila siku, mpaka tukamaliza. Nilifaulu, nikaenda bweni, nikakua, nikaolewa, nikafungua duka mjini. Miaka yote hiyo nilijiambia nitakwenda Krismasi.

Mwaka jana Lemayani alinipigia simu kwamba mwalimu amefariki. Nilikuwa safarini, nikafika siku ya nne, wameshamzika, maturubai yameshushwa. Mjane wake, Mama Neema, alikuwa amekaa nje na kinu kati ya miguu, anatwanga mahindi ya loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikatazama mchi ukipanda na kushuka. Mwisho nikamwambia. Nilisema, "Mama, mimi ndiye niliyemsema mwalimu kwa mkaguzi."

"Nakujua," akasema. "Mtoto wa duka. Alikuwa ananiambia hakuna siku alisifiwa vizuri kama siku ile."

Nililia pale. Nilitarajia kila kitu, hata kufukuzwa, ila si hilo. Akaniacha nilie, akaendelea kutwanga. Nilipotulia nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa mtoto. Vitabu vile viliingiaje kichwani mwake, na macho yalikuwa yameshakwisha?

"Nilikuwa namsomea mimi," alisema. "Mimi niliishia la nne, nilikuwa nasoma kwa kubabaika. Kila jioni nikishakamua ng'ombe, ananiambia leta kitabu. Ukurasa mmoja mara tatu, mara nne. Nikimwambia nimechoka, ananiambia mama, bado mmoja tu, kesho watoto watauhitaji."

Akapumzisha mchi.

"Walipomwondoa nikajua nimepumzika. Jumatatu yake jioni ananiambia leta kitabu. Nikamwambia Baba Neema, kitabu cha nini, huna darasa. Akasema, darasa lipo, soma, kesho ni mapafu. Nikasoma. Kila siku hivyo, miezi mitatu, hakuruka hata somo moja. Asubuhi anaamka, anavaa shati la kazi, anakaa pale chini ya dirisha anayasema yote peke yake kwa kufuata vipindi. Kengele ya shule ikilia tunaisikia hapa, anabadili somo."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimekaa kando ya dirisha lile lile.

"Siku ya pili, ya mwisho, ya mtihani wenu hakula," akaendelea. "Aliniuliza saa ngapi, nikamwambia saa sita. Akauliza tena, saa saba. Nikamwambia saa nane ndipo akashusha pumzi. Akasema, sasa vitabu vifungie kabatini, mama, watoto wamemaliza."

Utoto wangu wote nilimstaajabia mwalimu wangu kwa akili, kwa sababu akili ndicho kitu nilichoweza kukiona kutoka dawati la mbele. Sikuona woga wake, wala mke aliyekuwa akibabaika na kurasa zetu mikono ikinuka maziwa, wala mtu anayefundisha ukuta ili darasa lisimwache nyuma. Nimejaribu kukumbuka saa nane ile nilikuwa wapi, na nakumbuka vizuri. Nilikuwa nimeshatoka kwenye mtihani, niko juu ya kaunta ya duka la baba, nakunywa soda, nawaambia wateja kwamba maswali yote ya sayansi yalikuwa mepesi.