Funza Wenye Mikia

Yowe lenyewe alilipiga Paskalina, asije mtu akamsingizia mwingine. Alikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji ya vyombo, akainamia lile shimo walilochimbia udongo wa matofali, lililojaa maji tangu mvua za Elinino, akaona vitu vinacheza. Vyeupe, vinono, na kila kimoja na mkia mrefu mwembamba unaopanda mpaka juu ya maji. Funza mwenye mkia! Nani aliwahi kumwona? "Jamani, njooni muone!" akapiga kelele. Na watu wa mtaa wa Ngokolo unawajua tena kwa mayowe. Kufumba na kufumbua, ua umejaa.

Wakaona. Halafu Klara wa nyumba ya pili akaacha kuangalia maji, akaangalia jikoni. Mlangoni alikuwa amesimama Mbuke, mama mkwe wa Paskalina, kikongwe wa miaka sabini na macho yake mekundu. Mekundu kwa moshi, jamani! Shinyanga kuni ziko wapi? Bibi wa watu alipikia kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake. Lakini miaka ile ya tisini macho mekundu ya kikongwe yalikuwa kesi tosha ya uchawi. Vijijini huko walikuwa wanakatwa mapanga kwa macho tu, na pale uani hapakuwa na asiyejua.

"Juzi nilimwona anamwaga kitu humo," Klara alisema.

"Ni machicha ya pombe!" Paskalina akadakia. "Mimi ndiye niliyemwambia amwage huko, nimechoka na harufu mlangoni."

"Tangu lini machicha yakaota mikia?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Benjamini, mume wa Paskalina, alikuwa machimboni Geita, mwezi wa tatu huo hata barua hakuna. Mbuke aliwapa mgongo. Alirudi jikoni akaendelea kusonga ugali.

Jioni akaja Herman, kamanda wa sungusungu wa mtaa, filimbi shingoni. Paskalina hakumngoja hata akae. "Shikamoo, kamanda. Nipe siku mpaka mkutano wa mtaa, nitawaonyesha ni mdudu gani." Alisema tu. Mdudu gani, alikuwa hajui hata yeye.

"Marahaba. Mkutano ni Jumapili, siyo hii, ile nyingine," Herman alijibu. "Ukishindwa, bibi ahame. Na huko njiani mimi simlindi, nisikudanganye."

Sasa Paskalina alikuwa mfagiaji wa maabara ya sekondari, mwaka wa sita. Alishamwona Mwalimu Cornel akifuga viluwiluwi vya mbu kwenye chupa mpaka wakaruka. Ukitaka kumjua mdudu mchanga, mwalimu huwaambia wanafunzi, msubiri awe mkubwa. Mwalimu mwenyewe yuko likizo kwao Chato. Haya, Paskalina akatafuta chupa ya jamu, akaweka udongo upande mmoja na maji ya shimoni upande mwingine, akatia funza watano, akafunga mdomo kwa kitambaa.

Wawili wakafa siku ya pili. Watatu wakatoka majini, wakajichimbia kwenye udongo, wakawa wagumu, wa kahawia, mikia imekauka. Siku zikapita hawatikisiki. Paskalina akaamini amewaua wote. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Jioni moja jiwe likaanguka juu ya bati, kesho yake mawe mawili. Aliogopa, tena sana, lakini kilichomla zaidi ni kwamba yowe lilikuwa lake. Alishindwa hata kumtazama mkwewe usoni.

Jumapili asubuhi akachungulia chupani, akaona nyuki.

"Nimekwisha," alisema peke yake. Nyuki mzima, tumbo la rangi ya asali, ananguruma ndani ya chupa. Watasema bibi ametuma nyuki! Alitaka kumwachia aende zake. Ndipo akaikumbuka picha ya ukutani maabara, ile anayoifuta vumbi kila Ijumaa: nyuki mabawa manne, inzi mabawa mawili. Akasogeza chupa kwenye mwanga, akahesabu mawili. Lakini mwalimu alisema pia kwamba ya nyuki hushikana, yale manne yakaonekana mawili. Hakuwa na hakika. Akaenda hivyo hivyo.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Alipoinua chupa tu, wa mbele wakarudi nyuma. "Nyuki! Katuletea nyuki!" Klara alishaokota jiwe.

"Ni inzi," Paskalina alisema. "Wale funza ni watoto wake. Anapenda maji machafu, na mkia ule ndio anaovutia hewa." Hakuna aliyesikiliza. Mabawa ya mdudu nani atakuja kukuhesabia? Basi akaingiza mkono chupani, akamkamata, akafumba ngumi. Mdudu akanguruma ndani ya kiganja. Paskalina akasubiri mwiba, meno ameyauma.

Mwiba haukuja.

Akafumbua. Mdudu akatembea mpaka kwenye kidole, akajipangusa miguu, akaruka. Herman akakishika kile kiganja, akakigeuza huku na huku kutafuta uvimbe. "Inzi," alisema. "Bibi aachwe. Ajenda inayofuata."

Paskalina alikimbia mpaka nyumbani. Mbuke alikuwa kwenye kigoda, miguuni kuna furushi la nguo, limefungwa tangu siku ya yowe.

"Mayu, mama yangu, ni inzi!"

"Najua," Mbuke alisema, akaanza kulifungua furushi. "Kwa baba, zizini, mvua zikinyesha walijaa kwenye madimbwi ya mkojo wa ng'ombe. Tulikuwa tunawavuta mikia."

Paskalina akaketi chini, vumbini. "Ulikuwa unawajua? Siku zote hizi, mayu, mbona hukusema?"

"Kikongwe aseme nawajua hawa, mbele ya ule umati? Si wangenimaliza palepale." Akaitandika khanga mapajani, akainyoosha kwa mkono. "Lakini kabla hujapiga yowe, mwanangu, mimi nilikuwa hapo jikoni. Ungeniita mimi."

Paskalina alilia, kwa sauti, bila kujali majirani. Safari hii hakuja mtu.