Kina Mama wa Upande wa Jael

Mwaka wa 1965 Jael alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mwenye shamba lake Lugari, pale ambapo zamani alilima Mzungu. Mahindi yalikuwa yamekubali, na binti yake Priscah alikuwa amechumbiwa na mwalimu kijana aitwaye Cleophas. Ilikuwa furaha tupu, mpaka babake Cleophas, mzee Barasa, alipokuja kuulizia ukoo.

"Mama Priscah," alisema kwa upole, "watu wa babako tunawajua. Mama yako alitoka kwa nani? Tusije tukaoza ndugu kwa ndugu."

Jael hakumjua mtu yeyote wa upande huo. Mama yake, Nekoye, alifariki kabla Jael hajaanza kutambaa. Babake alimbeba akaenda naye kufanya kazi mashamba ya mbali, na kila alipoulizwa habari za mkewe, alitazama kando, machozi yakimlenga. Alikufa na siri yake.

Wiki hiyo Jael alishuka hadi Kakamega mjini, kwenye ofisi ya serikali. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, naweza kukujazia fomu ya kutafuta cheti, ulipie," akasema, "lakini watu wa enzi za mama yako hawakuandikishwa. Utalipia bure. Ulibatizwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililompeleka misheni. Katekista Barnaba alimshushia vitabu vya zamani, kingo zimeliwa na mchwa. Walilikuta jina lake: Jael, mama Nekoye binti Mukhwana. Basi, hapo tu. Na akina Mukhwana katika kitabu kile walijaa tele.

"Usivunjike moyo," Barnaba akamwambia. "Mama yako hakuzaliwa peke yake. Tuwatafute ndugu zake."

Akafungua kitabu cha ndoa. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama. Babake Jael na Nekoye walifunga ndoa pale pale, na shahidi wao aliandikwa: Joash, kaka wa bibi arusi. Wakarudi kwenye ubatizo kumsaka Joash. Walimpata baada ya saa nzima: baba Mukhwana, mama Nasimiyu, wa Matete. Mstari wa chini yake, siku ile ile, wazazi wale wale: Namalwa.

Jael alilitamka jina la Nasimiyu mara mbili. Hakuwa amewahi kuwa na nyanya maishani mwake.

Siku ya soko alikwenda Matete. Hakuulizia binti Mukhwana. Aliulizia Namalwa, mtoto wa Nasimiyu. Muuza maharagwe alimwelekeza kwa mdomo hadi kwa mama mzee aliyekaa katikati ya vyungu.

"Nani anamtaja mama yangu?" mzee yule akauliza.

"Ni mimi. Mimi ni wa Nekoye."

Namalwa aliweka chungu chini taratibu. Akamtazama sana, kisha akampiga kibao chepesi begani, huku analia.

"Kaka yangu Joash alizunguka mashamba ya Wazungu mpaka viatu vikaisha, akikutafuta! Amekufa anakutaja. Na mimi mama yako mdogo niko hapa hapa, nauzanga vyungu kila wiki!"

Walikaa mpaka soko likatawanyika. Jael aliambiwa kuwa mama yake alikuwa mcheshi, kwamba Joash ameacha wana watatu, na kwamba wao ni wa ukoo wa Abangachi. Aliposikia hivyo alicheka kwa sauti, kwa maana Barasa ni Omuchembi, mtu wa ukoo mwingine kabisa. Hakukuwa na undugu wowote.

Barasa alipokuja tena Lugari, alimkuta Namalwa ameketi kwenye kiti cha mbele, ameshiba ingokho, kuku wa kumkirimu mgeni, na wana wa Joash wamepangana nyuma yake. Alielezwa ukoo wote, akaridhika.

"Sasa ni zamu yako," Namalwa akamwambia. "Mama ya mama yako alizaliwa na nani?"

Barasa alikohoa. Akaangalia kofia yake. "Hapo... hapo sina hakika."

"Basi nenda ukaulize. Mtoto wetu hatumtoi kwa watu wasiojijua."

Ilimchukua siku tisa. Alirudi na majina yote, ameyaandika kwenye karatasi ya daftari, na arusi ikafanyika Desemba, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani.