Mama Alipokwenda Kumtuza Mfalme

Binti yangu alipewa nafasi ya mfalme katika opera, mchezo wa Kizungu unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Mfalme mwanamme, yeye mwanamke, na sauti yenyewe juu kabisa! Opera ile ina umri wa miaka mia tatu, na ni nadra kuonyeshwa kwa sababu waimbaji wenyewe wanaikimbia: neno moja linapandishwa, linashushwa, linazungushwa, na pa kuvuta pumzi hapana. Nyumbani kwetu Ibra, huku Omani, tulimsikia akijizoeza miezi mizima. Mimi nilishachoka, wallahi. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akikaa mlangoni na chai yake akimwambia, "Mashaallah, endelea, bibi we."

Palimshinda pahala pamoja tu. Mwisho wa wimbo ala zote hunyamaza, mwimbaji akabaki peke yake. Hapo kila mara pumzi ilimkatikia. Kiongozi wa kikundi akamwambia wazi: ukishindwa tena kwenye onyesho la Nizwa, nafasi anapewa mwengine. Mwanangu alilia mpaka macho yakamvimba, na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamwambia aache basi, kwani nani kamlazimisha? Nilikuwa namwonea huruma, lakini ndivyo ilivyonitoka.

Onyesho lilikuwa la alasiri, katika ukumbi mdogo. Njia nzima nilimuusia mama: huko hakupigwi vigelegele, watu wanakaa kimya.

"Hata akiimba vizuri?"

"Hata akiimba vizuri."

Akanuna mpaka tukapita Sinaw.

Basi wimbo ukafika pale. Ala zikanyamaza, mwanangu akaanza kupanda, mimi nimeng'ang'ania kiti. Mama akatazama huku, akatazama kule: wapigaji wameshusha mikono, watu kimya, hakuna hata mmoja aliyeinuka kumtuza. Kwa taarabu alizokulia yeye, mwimbaji akiachwa hivyo kaaibishwa.

"Wamemtupa mtoto wetu!" akasema, na kabla sijaliwahi abaya lake keshaondoka. Akenda polepole mpaka mbele, noti ya riali kaishika juu, mabega yanacheza. Ya rabi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwanangu akamwona, akakata sauti. Baadaye aliniambia pumzi ilikuwa ishamwisha, alikuwa anaanguka tayari. Akapiga goti ukingoni mwa jukwaa, kifalme hasa, akaipokea noti kwa mikono miwili. Halafu akavuta pumzi ndefu, nikaisikia mimi niliyekaa safu ya tano. Akaimba akimtazama bibi yake usoni. Akapanda, akazunguka, akashuka, akamaliza. Watu wakasimama. Kiongozi alidhani tumelipanga.

Wakati wa kurudi mwanangu alilaza kichwa mapajani kwa bibi yake, kiti cha nyuma. Nikamwomba radhi huku naendesha, kwa yale niliyomwambia.

"Mama, wewe ulikaa," akanijibu, bila ya hasira yoyote. "Bibi ndiye aliyekuja."