Mchunga kondoo wa Molo aliyepoteza mluzi

Wakuu, habari zenu. Simu ni ya mjukuu, maneno ni yangu. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, nikazurura shamba hadi shamba: Naivasha, Nakuru, mpaka Molo kwa mzungu mmoja wa kondoo. (Baridi ya Molo tuiache tu.)

Hapo nikampata Koech, mchunga kondoo. Alikuwa akisimama chini karibu na boma, anapiga mluzi, na mbwa wake Jeki analeta kundi zima kutoka mlimani. Nilikuwa naacha kazi yangu ili nitazame.

Asubuhi moja Koech akaamka nusu ya uso imelala. Jicho halifungi, chai inamwagika mdomoni. Wengine walisema upepo, wengine laana.

Na mluzi ukaisha. Akijaribu, inatoka hewa tu.

Akaanza kujifunika blanketi hadi machoni, amelishika kwa mkono kutwa nzima. Anakula ametugeuzia mgongo. Yeye aliyekuwa akituchekesha kila jioni!

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Uso hauumi," akasema. "Macho yenu ndiyo yanauma."

Nyapara wa shamba akamwonya: siku ya kukata manyoya, kondoo wasiposhuka, Jeki atapewa mtu mwingine. Jeki, ambaye Koech alimlea tangu hajafungua macho.

Siku ikafika, wote tumejaa kwenye ua. Koech akamwelekeza Jeki kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika blanketi. Jeki akazunguka ovyo, kondoo wakatawanyika.

"Koech, mwandikie Jeki barua!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

Koech akatutazama. Kisha akaachilia blanketi likaanguka, akainua mikono yote miwili.

Wakuu, Jeki alitulia tuli, akamkazia macho. Mkono huu, akaenda huku. Mkono ule, kule. Kumbe walikuwa wamejifunza ishara za mikono, wawili peke yao huko juu mlimani, mahali ambapo Koech hakuhitaji blanketi.

Kondoo wote wakaingia. Nyapara akafunga lango.

Koech akacheka, na yule wa barua akasema, "Mzee, mbona unacheka nusu?"

"Hii nusu ni yenu. Ile ingine namwekea Jeki."

Uso wake haukurudi sawa, lakini blanketi likabaki la kulalia. Nimetembea sana, na ujasiri kama ule nimeuona mara chache.

Nilichojifunza: mtu wa namna hiyo usimkwepe, wala usimshangae. Mtazame kama Jeki alivyomtazama Koech, ili ujue anasema nini.

Kama uso wako au wa mtu wako uliwahi kulala, andika hapa chini. Macho yangu bado yanasoma.