Protini Zilizolegea

Bi Zuweina alikuwa na miaka arobaini na tatu alipomzaa Abeer, mwanawe wa kwanza na wa mwisho, mwaka ule wa uchaguzi wa marudio, ambao watu wengi wa Pemba waliususia. Alisomesha bayolojia skuli ya sekondari mjini Wete, na kwa kuwa alikubali kusimamia kituo cha kura, majirani zake wa mtaa wa Jadida walimsusa. Salamu yake haikuitikiwa. Bi Mwatum, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alimpita kama anapita gogo. Siku ya arobaini ya mtoto, sinia za pilau zilipoa hazikuguswa.

Daktari alisema mtoto ana kromosomu moja ya ziada; atachelewa kutembea na kusema. Wifi yake Zuweina, Jawaher, akaguna: "Katupiwa jicho huyo. Au ndiyo laana ya ile kura."

Zuweina alimkalisha mumewe, Zahran, akamweleza taratibu.

"Mayai ya mwanamke huumbika yeye mwenyewe yumo tumboni mwa mamake. Ndani yake kromosomu zimeshikanishwa kwa protini, mfano wa pete. Pete hizo hazifanywi upya. Zinangoja miaka yote hiyo, na mama akishakuwa mtu mzima huwa zimelegea. Yai linapogawanyika, kromosomu zimeshaachiana kabla ya wakati, basi moja ikaenda upande usio wake. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Hakuna jicho wala laana."

Zahran alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ni mayai yako," akasema.

Zuweina alitaka kumwambia kwamba alichelewa kuolewa kwa kuuguza wazee wake, si kwa kiburi. Badala yake akainuka kumbadilisha mtoto nepi. Baada ya Idi, Zahran alipanda meli bandari ya Mkoani, akaenda kutafuta kazi Maskati. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa, baadaye mara moja moja, mwisho akawa anamtumia salamu kupitia kwa dada yake, Jawaher.

Mwaka uliofuata Zuweina alisomesha mgawanyiko wa seli. Alipochora zile pete ubaoni, mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, zikilegea hazikazwi?"

"Bado hatujajua namna," akajibu, na hakuwageukia tena mpaka kengele ilipolia.

Abeer alitembea akikaribia miaka mitatu. Alipenda kusimama mlangoni, akimpungia mkono kila mpita njia. Hakujua nani kapiga kura na nani kasusa. Asubuhi moja Bi Mwatum alisimama.

"Hujambo, mwanangu?"

Mtoto akacheka, akamng'ang'ania kanga. Bi Mwatum akamkatia kipande cha mkate wa kumimina aliokuwa kauchukua, akainua macho, akamwona Zuweina ukumbini. Akaenda zake.

Kesho yake alikuja tena, na siku zilizofuata. Akija, Zuweina hujibanza nyuma ya mlango, asije akaonekana mwanamke yule akaondoka, akasikiliza sauti ya mgeni nyumbani kwake.